Kigunduzi cha Mwanga wa Leza cha Kujitengenezea: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametoka kwenye meza ya maabara. Mengine yaliulizwa na wanafunzi wa kidato cha sita na wa mwaka wa kwanza chuoni, mengine na walimu waliochoka kuazima vifaa kila muhula, na machache na mafundi redio waliovutwa na harufu ya risasi ya kulehemu. Kifaa chenyewe ni kidogo: fotodiodi ya silikoni aina ya BPW34, op-ampu moja (chipu ya kukuza ishara ndogo za umeme), betri mbili za volti 9, rezista chache na kopo la bati. Kukiunda ni kazi ya mchana mmoja. Kukipima mpaka ukiamini huchukua muda mrefu zaidi, na ndiyo maana sehemu ya majaribio hapa chini imekuwa ndefu kuliko ya kuunda.

Kigunduzi cha nini, na macho ninayo?

Jicho ni hodari wa kukuonyesha mwanga uko wapi. Ukiliuliza ni mwanga kiasi gani, linabahatisha. Punguza mwanga ukutani ubaki nusu, na wengi watakwambia "umefifia kidogo", kwa sababu jicho hujirekebisha bila kukuaga. Fotodiodi haina tabia hiyo. Mwanga ukiongezeka maradufu, mkondo wa umeme nao unaongezeka maradufu, kuanzia mwanga hafifu sana hadi mkali. Grafu yake ni mstari mnyoofu. Rezista, kopo na vingine vyote utakavyosoma hapa vipo ili mstari huo usipindwe njiani.

Ndani ya fotodiodi kunatokea nini?

Mwanga huja kwa vipande vidogo vya nishati, fotoni. Fotoni ikiingia kwenye silikoni ikiwa na nishati ya kutosha, yaani zaidi ya elektronivolti 1.12, inaweza kung'oa elektroni na kuiacha huru itembee. Fotoni ya leza nyekundu ya nanomita 650 ina elektronivolti karibu 1.9, kwa hiyo inavuka kizingiti hicho kwa urahisi. Ukipita nanomita 1,100 hivi kuelekea infraredi, fotoni hazina nguvu tena na silikoni inageuka kama kioo cha dirisha: mwanga unapita, mkondo hakuna.

Namba moja ya kukariri: kwa mwanga mwekundu, fotodiodi ya silikoni hutoa karibu ampea 0.4 kwa kila wati moja. Leza ya miliwati 1 basi hutoa miliampea 0.4. Mkondo huo unapimika hata na multimita ya kawaida, na tutautumia hivyo hivyo.

Mbona LDR ni rahisi na ipo kila duka?

LDR, yaani rezista inayobadilika kulingana na mwanga, ipo, na kwa taa inayojiwasha jioni inatosha kabisa. Kwa vipimo vya fizikia inakuangusha mara tatu. Ni nzito: huchukua makumi ya milisekunde kuitikia, na kurudi gizani huchukua muda zaidi. Grafu yake si mstari mnyoofu. Tena ina kumbukumbu, kwani usomaji wa sasa unategemea ilikuwa kwenye mwanga gani dakika chache zilizopita. Mwanafunzi aliyeweka LDR kwenye jaribio la vichujio vya polaroidi (vinavyopitisha mwanga unaotetemeka upande mmoja tu) atapata mchoro mzuri ajabu usiofanana na nadharia hata kidogo, kisha atailaumu nadharia.

Ninunue fotodiodi ipi? Na nikiikosa?

BPW34 ni ya bei ndogo, inajulikana, na ina eneo la kupokea mwanga la milimita za mraba 7 hivi, mraba wa kama milimita 2.7 kila upande. Huona kuanzia karibu nanomita 430 hadi 1,100, na kilele chake kiko kwenye 900. Maduka ya vipuri ya Kariakoo jijini Dar es Salaam na yale ya Luthuli Avenue, Nairobi, ndiko pa kuanzia kuulizia. Nenda na jina limeandikwa kwenye karatasi, maana ukisema "sensa ya mwanga" utapewa LDR.

Angalia rangi ya ganda. Unataka lile la plastiki angavu. Kuna dada yake mwenye ganda jeusi, lililotiwa kichujio cha kuzuia mwanga unaoonekana ili ipokee infraredi tu. Niliwahi kuletewa kumi za namna hiyo. Nilishinda siku nzima nikibadilisha waya na op-ampu huku leza nyekundu ikigonga katikati ya ganda na multimita imekaa kwenye sifuri. Nilipoielekezea rimoti ya televisheni, mstari wa osiloskopu, chombo kinachochora volti kwenye skrini, ukaruka. Diodi zilikuwa nzima. Mzembe ni mimi niliyeagiza bila kusoma herufi ya mwisho ya jina.

Usichomoe kile kijidude cha miguu mitatu kinachopokea rimoti kwenye televisheni mbovu ukadhani umepata fotodiodi ya bure. Ndani yake kuna saketi nzima inayongoja mapigo ya infraredi ya kama kilohetzi 38, na mwanga uliotulia inaupuuza kwa makusudi.

Ukikosa kabisa, LED yenyewe inaweza kuwa kigunduzi. LED huitikia mwanga wenye urefu wa wimbi ulio sawa na wake au mfupi zaidi, hivyo LED nyekundu itaona leza ya kijani vizuri, ila kwa leza nyekundu inategemea bahati. Kiseli cha sola cha kikokotoo kilichokufa nacho kinafaa kwa mwanga uliotulia. Ni kipana, kwa hiyo hakisumbui kulenga, lakini ni kizito kwa mapigo ya haraka.

Leza ipi ni salama kwa maabara ya shule?

Ya daraja la 2, yaani chini ya miliwati 1, nyekundu. Shida ni kwamba lebo ya kielekezi cha mtaani ni mbuzi kwenye gunia. Mwaka 2013 taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilieleza kuwa kati ya vielekezi 122 ilivyovipima, karibu asilimia 90 ya vya kijani na asilimia 44 ya vyekundu havikutimiza kanuni za usalama. Kilichoandikwa "chini ya miliwati 5" kinaweza kuwa na mara kadhaa ya hizo.

Sheria zangu mezani ni chache na hazijadiliwi. Mwali upite chini ya usawa wa macho ya aliyekaa. Saa ya mkononi na pete zivuliwe, kwa sababu zinarudisha mwali mahali usipotarajia. Mwisho wa njia ya mwali kuwe na kitu cheusi kisichong'aa. Na hakuna anayeinama kuchungulia kama leza "imelengwa vizuri". Tunalenga kwa karatasi nyeupe.

Kuna mzunguko rahisi kabisa wa kuanzia?

Upo, na kila mtu aanze nao. Katodi ya fotodiodi iende chanya ya betri ya volti 9. Anodi iende kwenye rezista ya kilo-omu 10, na ncha ya pili ya rezista iende hasi. Pima volti juu ya rezista. Miliwati 1 ya leza nyekundu itakupa volti 4 hivi. Basi, una kigunduzi.

Umegundua diodi imewekwa kinyume? Ndivyo inavyotakiwa. Ukiigeuza, betri itasukuma mkondo wake kupitia diodi muda wote na hutaona leza wala giza.

Kuna njia fupi zaidi ya hiyo: weka multimita kwenye mikroampea na uunganishe miguu miwili ya fotodiodi moja kwa moja, bila betri. Unachosoma ni mkondo wa mwanga wenyewe. Majaribio mengi ya mwanga uliotulia hayahitaji zaidi ya hapo, na mwalimu asiye na muda wa kulehemu asione haya kuishia hapo.

Sasa op-ampu ya nini?

Kwa sababu ya mwanga unaobadilika haraka na ulio hafifu. Mzunguko wa rezista peke yake unakubana: ukitaka volti nyingi kutoka mwanga hafifu unaongeza rezista, na ukiongeza rezista kifaa kinapunguza mwendo. BPW34 bila volti ya nyuma ina kapasitansi ya kama pikofaradi 70, na waya wa koaksia huongeza kama 100 kwa kila mita. Kwa kilo-omu 10 na mita moja ya waya unaishia karibu kilohetzi 90. Ukiweka megaomu 1, unabaki na hetzi 900 hivi.

Op-ampu inaukata ugomvi huo. Inachukua mkondo wa diodi na kuulazimisha upite kwenye rezista ya mrejesho, huku yenyewe ikiishika diodi isibadilike volti. Volti ya kutokea ni mkondo mara rezista hiyo. Diodi haihisi mabadiliko ya volti, kwa hiyo kapasitansi yake na ya waya haina tena nguvu ileile ya kuchelewesha.

Unganisha hivi kwa op-ampu aina ya TL071: katodi ya diodi kwenye mguu wa 2, anodi kwenye ardhi. Mguu wa 3 nao kwenye ardhi. Rezista ya kilo-omu 10 kati ya mguu wa 2 na wa 6, na sambamba nayo kapasita ya pikofaradi 22. Mguu wa 7 kwenye chanya ya betri ya kwanza, mguu wa 4 kwenye hasi ya betri ya pili, na pale betri zinapokutana ndiyo ardhi yako. Weka kapasita ya nanofaradi 100 kutoka kila mguu wa umeme kwenda ardhini, karibu kabisa na chipu. Kati ya mguu wa 6 na waya wa kutokea tia rezista ya omu 100, la sivyo waya mrefu unaweza kuifanya op-ampu itetemeke.

Kapasita ya pikofaradi 22 niliikosa, nikaiacha. Kuna ubaya?

Upo, ila hautauona kwa multimita. Bila hiyo kapasita, mwanga ukiwaka ghafla volti inapanda, inapitiliza, inarudi, inapitiliza tena, kama mtu anayeshuka daladala kabla haijasimama. Pengine saketi hulia yenyewe hata gizani. Multimita itakuonyesha wastani wa mtetemo huo kama namba tulivu, na utaiamini.

Namba 22 haikuokotwa. Inatokana na kapasitansi ya diodi, rezista ya mrejesho na kasi ya TL071, ambayo ni megahetzi 3. Kwa mchanganyiko huu kifaa kinafika kilohetzi 700 hivi bila kupitiliza kwa kuudhi. Ukibadilisha rezista, kapasita nayo ibadilike. Kwa megaomu 1, hata pikofaradi 2 zinazojificha kati ya safu mbili za bredibodi (ubao wa kuchomeka vipuri bila kulehemu) zinatosha kukushusha hadi kilohetzi 80, na ndiyo sababu toleo la mwisho linalehemiwa kwenye ubao.

Nina op-ampu za LM358 tele. Zinafaa?

Kwa mwanga uliotulia na rezista ya kilo-omu 10, ndiyo, na zina faida ya kutumia betri moja. Ziko polepole kuliko TL071, na ingizo lake huvuta mkondo wa makumi ya nanoampea. Mkondo huo kwenye kilo-omu 10 haufiki nusu milivolti, lakini kwenye megaomu 1 unakuwa milivolti 45 za uongo. TL071 kwa upande wake haikubali betri moja kama ilivyochorwa hapa. Ingizo lake likikaa kwenye usawa wa hasi, inachanganyikiwa.

Kopo la bati lina kazi gani? Urembo?

Kopo la maziwa ya unga ndilo boksi bora kuliko la plastiki lililo ghali mara kumi. Likiunganishwa na ardhi ya saketi linazuia umeme wa ukutani kuingia kwenye mguu wa 2, ambao ni mwepesi kuokota kila kitu, hata mkono wako ukipita karibu. Toboa tundu la milimita 8 mbele ya diodi, chomeka kijibomba cha karatasi nyeusi cha sentimita 5, na paka ndani rangi nyeusi isiyong'aa. Hakikisha tu miguu ya vipuri haigusi bati.

Nimemaliza kulehemu. Nianze kupima wapi?

Anza gizani. Ziba tundu kwa kidole, kisha kwa plasta nyeusi, na usome. Unatakiwa kuona milivolti chache, chanya au hasi, na namba isiyotembea. Iandike. Hiyo ndiyo sifuri yako, na itatolewa kwenye kila usomaji utakaofuata. Kama plasta na kidole vinatoa namba tofauti, kidole chako kinapitisha mwanga, na hilo la kawaida kabisa: mwanga mwekundu na infraredi hupenya nyama.

Ikiwa gizani unasoma volti 7 au 8, fotodiodi haihusiki. Kagua rezista ya mrejesho. Mara tisa kati ya kumi mguu mmoja haujashika.

Halafu fungua tundu kwenye mwanga wa chumba. Volti ipande kuelekea chanya. Ikishuka chini ya sifuri, diodi imegeuzwa. Haijaungua, igeuze tu. Mwisho leta leza.

Leza ikigonga nasoma volti 7.6, na nikiweka kioo cha miwani ya jua mbele bado ni 7.6. Leza yangu ni imara sana?

Hapana, kigunduzi kimeshiba. Kwa betri za volti 9, TL071 haiwezi kutoa zaidi ya volti 7 na kitu, hata mwanga uje kiasi gani. Leza ya miliwati 5 ingehitaji volti 20 kwa rezista ya kilo-omu 10. Shusha rezista hadi kilo-omu 1 au 2.2, au punguza mwanga. Mazoea yangu ni kutokubali kamwe usomaji unaozidi volti 5 kwenye kifaa hiki.

Kushiba ni kosa baya kuliko mengine yote kwa sababu linafanana na mafanikio. Namba imetulia, ni kubwa, na inajirudia kila ukipima. Nimesoma ripoti iliyosifia "uthabiti wa hali ya juu wa chanzo cha mwanga", na kumbe ilikuwa inasifia betri.

Nitajuaje mstari ni mnyoofu kweli, wakati sina mita ya leza ya kulinganisha?

Swali hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa kuwa jibu lake halihitaji kununua kitu. Kigunduzi kinaweza kujipima chenyewe kwa kujumlisha.

Tafuta vyanzo viwili vya mwanga, A na B. Vielekeze vyote kwenye diodi na usivisogeze tena. Soma gizani, soma A peke yake, soma B peke yake, kisha vyote kwa pamoja. Ukitoa sifuri kwenye kila usomaji, A na B zikijumlishwa ziwe sawa na usomaji wa pamoja. Tuseme gizani ni volti 0.02, A ni 1.22, B ni 1.37. A halisi ni 1.20, B halisi ni 1.35, na vyote pamoja vinatakiwa visomeke 2.57. Ukiona 2.40, kuna mahali mwanga unaliwa. Rudia kwa mwanga mdogo, kisha kwa mkubwa, mpaka ufahamu ni wapi mstari unaanza kuinama. Andika mpaka huo kwa peni juu ya kopo.

Kuna mtego mmoja. Usiigawe leza moja kwa kioo ukaiita A na B. Miali miwili ya leza ileile ikikutana inaingiliana, mahali pengine inajumlishana na pengine inafutana, na jibu litakuwa la ajabu huku kifaa hakina kosa. Tumia leza mbili tofauti au LED mbili. Ziba na fungua kwa kadi nyeusi badala ya kuzima na kuwasha, maana leza ikizimwa inapoa na ikirudi haina nguvu ileile.

Kuna mawimbi kwenye osiloskopu hata leza ikiwa imezimwa.

Hesabu masafa yake. Yakiwa hetzi 100, ni taa za chumba: umeme wetu ni hetzi 50, na taa hupepesa mara mbili kwa kila mzunguko. LED nyingi za bei ndogo hupepesa vibaya kuliko balbu za zamani, ingawa jicho halioni. Yakiwa hetzi 50 kamili na hayapotei hata ukiziba tundu, yanaingia kwa waya. Kagua ardhi ya kopo, na uchomoe chaja ya kompyuta mpakato iliyo karibu.

Kwa taa, dawa ya kwanza ni kuzima. Dawa ya pili ni kile kijibomba cheusi. Ya tatu, kwa anayetaka kujifunza kitu, ni kukatakata mwali kwa feni ndogo ya kompyuta ili leza ipige kwa masafa unayoyajua, kisha upime tofauti kati ya mwanga na kivuli. Mwanga wa chumba umo kwenye vyote viwili, kwa hiyo unajitoa wenyewe.

Usomaji unashuka polepole. Kifaa kinaharibika?

Kwanza ishuku leza. Kielekezi cha betri ndogo hupoteza nguvu dakika hadi dakika, na diodi ya leza inapopata joto hubadilika pia. Iwashe dakika kumi kabla ya kazi na uilishe kwa umeme uliotulizwa, ukizingatia volti inayotakiwa. Leza ya heliumu na neoni isiyopolarishwa ina vituko vyake: mrija ukipata joto, mielekeo miwili ya mtetemo wa mwanga hubadilishana nguvu, na ukiwa na kichujio cha polaroidi mbele utaona usomaji ukipanda na kushuka kama pumzi.

Inamisha pia kigunduzi nyuzi chache, kisitazamane na leza uso kwa uso. Mwanga unaorudi kutoka kwenye ganda na kuingia tena ndani ya leza huitikisa.

Nitapimaje kasi ya kifaa bila leza ya mapigo?

Chukua LED nyekundu, ilishe mawimbi ya mraba kutoka jenereta au Arduino (ubao mdogo wa kompyuta unaoprogramiwa) kupitia rezista ya omu 330, na uitazame kwa osiloskopu. Pima muda wa kupanda kutoka asilimia 10 hadi 90. Gawa 0.35 kwa muda huo, upate masafa ya juu ya kifaa. Nusu mikrosekunde ni sawa na kilohetzi 700. Ukiona ncha inapitiliza na kucheza, rudi kwenye jibu la kapasita ya pikofaradi 22.

Naweza kusoma kwa Arduino au simu?

Arduino Uno hugawa volti 5 katika hatua 1,024, kila hatua milivolti karibu 5, na husoma kama mara 10,000 kwa sekunde. Inatosha kwa mengi. Lakini usiunganishe TL071 ya volti 9 moja kwa moja. Siku ikishiba itapeleka volti 7 kwenye mguu usiokubali zaidi ya 5. Kwa Arduino tumia op-ampu MCP6002 inayolishwa na volti 5 hizohizo, haiwezi kuzidi hapo hata ikitaka.

Simu kupitia jeki ya maikrofoni inazuia mkondo uliotulia, hivyo inafaa kwa mwali uliokatwakatwa tu, na uishushe volti sana kwanza.

Leza ya kijani inanipa namba kubwa kuliko mwangaza wake. Kwa nini?

Vielekezi vingi vya kijani vya nanomita 532 vinaanzia kwenye infraredi: diodi ya 808 inasukuma fuwele itoe 1,064, na fuwele ya pili inaukata urefu huo wa wimbi nusu. Kichujio cha kuzuia mabaki ya infraredi hugharimu fedha, na wengine hawakiweki. Jicho halioni mabaki hayo, silikoni inayaona. Ni hatari kwa macho pia, maana kope hazifumbi kwa mwanga usioonekana. Kwa jaribio la kupima, baki na nyekundu.

Jaribio la polaroidi: nifanye nini nipate mchoro unaofanana na kanuni ya Malus?

Kanuni ya Malus inaeleza mwanga unaopita vichujio viwili kwa kadiri ya pembe kati yao. Leza ya diodi tayari imepolarishwa kwa kiasi kikubwa, yaani mwanga wake unatetemeka upande mmoja. Weka kichujio cha kwanza na ukizungushe mpaka usomaji uwe wa juu kabisa, kisha usikiguse tena. Zungusha cha pili. Kwenye nyuzi 30 utarajie asilimia 75 ya kilele, kwenye 45 nusu, kwenye 60 robo. Kwenye 90 hutapata sifuri kamili, kwani vichujio vya bei ndogo huvuja, hasa infraredi. Ukipata umbo sahihi lakini kilele kimekatwa bapa, unajua tayari: kimeshiba.

Naweza kupima unene wa unywele?

Unaweza, na ni jaribio linalowafurahisha watu kuliko lilivyo gumu. Bandika unywele mbele ya leza, ukuta uwe mita 2. Kwa unywele wa mikromita 80 na nanomita 650, giza la kwanza litakuwa milimita 16 kutoka katikati. Rula inatosha kwa hilo. Kigunduzi kinahitajika ukitaka kuchora mwanga ulivyogawanyika, na hapo diodi yenye upana wa milimita 2.7 inakoroga kila kitu. Weka mbele yake mwanya wa nusu milimita, uliotengenezwa kwa nyembe mbili zilizobandikwa makali yakitazamana, na utelezeshe kopo milimita moja moja.

Niandike leza ina miliwati ngapi?

Gawa volti kwa rezista, kisha gawa kwa 0.4. Volti 2 kwenye kilo-omu 10 ni miliwati 0.5. Andika "karibu", kwa kuwa ile 0.4 hutofautiana kati ya diodi na diodi, rezista ya kawaida ina kosa la asilimia 5, na mwali mpana kuliko diodi unamwagika pembeni. Kwa uwiano kifaa hiki ni mwaminifu sana. Kwa kiasi halisi, ni shahidi wa kusikia.

Kimekubali. Nianze na jaribio gani?

Pendulamu. Leza ipite chini kabisa ya njia ya gololi, kigunduzi upande wa pili, na Arduino ihesabu muda kati ya kivuli kimoja na cha pili baada yake, kwa sababu gololi hukata mwali mara mbili kwa kila mzunguko. Kidole kwenye saa ya kusimamisha hukosea sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi; hapa hatua ya saa ni mikrosekunde 4.

Vitabu vingi hutumia mvutano wa 9.81, namba ya Ulaya. Kwetu karibu na ikweta, Dar es Salaam au Nairobi, ni 9.78 hivi. Kwa uzi wa mita 1 tofauti hiyo ni sekunde 2.006 dhidi ya 2.009, milisekunde 3 tu, na kopo lako linaziona bila taabu. Usiachie gololi kwa pembe kubwa: nyuzi 10 zinaongeza karibu milisekunde 4 na kumeza tofauti yote, nyuzi 5 zinaongeza moja. Urefu nao upimwe hadi katikati ya gololi, kwani milimita moja ya uzi ni milisekunde moja ya muda. Utajikuta unahangaika na rula kuliko ulivyowahi kuhangaika na op-ampu.